Upande wa Witiri

Niliwahi kuamini kwamba nyumba zote za Kariakoo zenye namba witiri zitabomolewa, na zenye namba shufwa zitabaki. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba baada ya Jumatatu ni Jumanne. Sababu niliyopewa ilikuwa hii: barabara mpya itakuwa pana, barabara pana lazima igawanywe mara mbili, na witiri haigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo iondoke. Nilipoisikia nilitikisa kichwa, nikasema, “Kweli, hesabu haina huruma.”

Wakati huo nilikuwa diwani wenu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja pale kwangu jioni kuniuliza udiwani ukoje, na hasa wale wawili mnaotaka kuchukua fomu na kila mmoja hajamwambia mwenzake. Watu wanadhani kazi ya diwani ni kuleta lami na taa. Lami na taa huletwa na bajeti. Kazi ya diwani ya mikono yake mwenyewe ni kuwaambia watu habari. Maji yanakatika lini. Gari la taka limeharibika, litapita guta badala yake. Mtaro umezibwa na nini. Mimi nimewahi kutangaza kwamba mtaro umezibwa na godoro la sita kwa sita, na mtaro wenyewe ulikuwa na upana wa futi mbili. Hadi leo hakuna mhandisi aliyelieleza lile godoro. Nimetangaza miaka mingi, na kwa makadirio yangu mwenyewe, upepo ukiwa mzuri nilisikika hadi Unguja.

Aliyenifundisha kutangaza ni Mama Singano, aliyekuwa mtendaji wa kata nilipoingia. Mwanamke mfupi, mtu wa Lushoto, hakuwahi kupandisha sauti na sikuwahi kuona haja yake. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama katikati ya barabara saa nne asubuhi na kipaza sauti cha betri, nawaeleza watu habari za mbu. Hakuna aliyegeuka. Pembeni yangu muuza sumu ya panya alikuwa na kipaza sauti chake, kirefu kuliko changu, na panya wake walikuwa wanasikilizwa.

“Kondo,” Mama Singano akaniambia, “Kariakoo ina dakika ishirini za ukimya kwa siku. Watu wakishatoka msikitini alfajiri, kabla milango ya chuma ya maduka haijaanza kupandishwa. Ukizikosa hizo, kaa nyumbani.”

Akanionyesha na pa kusimama. Si katikati, kwenye kona. Ukisimama kona sauti inapiga ukuta wa ghorofa, inagawanyika mitaa minne, wewe hujainua mguu. Usianze na salamu ndefu, maana mtu aliye kitandani akisikia “ndugu wananchi” mara ya pili anajifunika shuka. Taja jambo, taja mahali, taja siku. Kisha irudie siku, kwa sababu watu huamka tangazo likiwa limefika kwenye siku. Na la mwisho, ambalo nililiona la kizee: barua ya tangazo ishike mkononi muda wote, hata kama umeikariri.

“Tangazo lisilo na barua,” alisema, “ni umbea uliovaa shati.”

Na ikiwa barua hakuna na jambo ni la dharura? Basi unarudi nyuma, mtu kwa mtu. Aliyekuambia kaambiwa na nani, na huyo naye kaambiwa na nani, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake. Usipomfikia, nyamaza.

Kosa langu la kwanza barua ilikuwepo. Ilisema maji yatakatika saa tatu, yaani kwa muda wa saa tatu. Mimi nikasoma siku tatu. Nikaitangaza vizuri sana, kwenye kona, nikarudia. Kata nzima ikajaza. Ndoo, masufuria, mabeseni ya harusi, na kuna baba mmoja alijaza viatu vya mvua vya watoto. Kufika saa mbili asubuhi maji yalikuwa yamekatika kweli, kwa sababu tumeyamaliza sisi. Mama Singano hakunikaripia. Alinipa ndoo yake akasema nimwagilie maua ya ofisi hadi ziishe zile siku tatu zangu.

Baada ya hapo sikukosea tena kwa miaka. Zingatieni hilo, kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Mtu anayekosea kila wiki hawezi kumdhuru mtu, watu wamemzoea. Hatari ni yule ambaye hajakosea muda mrefu.

Mama Singano akastaafu, akarudi Lushoto kwenye kabichi zake. Mtendaji mpya alipofika tu akaitwa Dodoma kwenye mafunzo. Nikabaki mimi na kipaza sauti. Ndipo vikaja vibao vya namba za nyumba, vile vidogo vinavyobandikwa juu ya mlango, na nguzo za majina ya mitaa. Madiwani tuliitwa semina tuelezwe. Nilihudhuria hadi chai. Chai ilikuwa na sambusa za nyama, nikaona jambo kubwa limeshakwisha, nikaondoka kwenda mazikoni Magomeni. Nasikia mada ya namba ilianza baada ya chai.

Siku mbili baada ya vibao kubandikwa mtaani kwetu, nikapita kwa Muddi muuza kahawa, pale watu wanapokaa na vikombe vidogo kujadili mpira na ndoa za watu. Muddi akanimiminia, akaniinamia sikioni.

“Mheshimiwa, hii ya kubomoa witiri mbona hujatuambia?”

“Kubomoa nini?”

Akanieleza. Barabara, kupasuliwa katikati, witiri haigawanyiki. Wale wazee kwenye benchi wote wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja na kikombe chake, kama watu waliolipigia kura jambo hilo na likapita.

Sasa lazima mjue kitu kuhusu elimu yangu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, kwa masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima kupakua magunia sokoni. Darasani kwetu mwalimu akiuliza nani hajafanya kazi ya nyumbani, mikono iliyoinuka ilikuwa na wajukuu. Kiingereza kilinishinda, jiografia ilinichosha, lakini hesabu niliipata. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na neno moja: usiamini, hakiki.

Nikaenda kuhakiki.

Nilichukua daftari, nikaanzia kona ya juu ya mtaa. Mkono wa kushoto: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na saba. Nikaendelea. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Jasho likaanza kunitoka. Nikageukia mkono wa kulia: kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, kumi na nane. Hakuna witiri hata moja iliyovuka barabara. Nikasema labda ni mtaa huu tu. Nikaenda wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nikakaa juu ya kreti la soda. Tetesi za kawaida hukosea mahali fulani, nilijiambia, na hii haijakosea hata nyumba moja.

Kesho yake alfajiri nikasimama kwenye kona. Wanangu, lile lilikuwa tangazo bora kuliko yote niliyowahi kutoa. Sauti ilipiga ukuta wa ghorofa ikagawanyika sawasawa. Nilitaja jambo, nikataja mahali. Siku sikuwa nayo, nikasema “wakati wowote,” nikarudia “wakati wowote.” Madirisha yalifunguka kuanzia kwetu hadi Jangwani. Mkono mmoja ulishika kipaza sauti. Mwingine ulikuwa mfukoni, kwa sababu hapakuwa na cha kushika.

Halafu nikaliweka kwenye kundi la simu la wakazi. Siku hizi kazi yenu nyingi mtaifanyia humo, basi niwaambie: kipaza sauti kilikuwa na heshima moja, betri ilikuwa inaisha. Kundi haliishi. Kijana mmoja wa chuo, mtoto wa mtaani kwetu, akaandika: “Mheshimiwa samahani, sio hivyo, ngoja nieleze.” Nikaona pale juu simu inasema anaandika, anaandika, anaandika. Nikamtoa kwenye kundi kwa kupotosha umma. Nilimrudisha baadaye. Aliweka tu kile kidole gumba.

Kufika adhuhuri mtaa ulikuwa umepasuka mara mbili hata kabla ya barabara. Wapangaji wa upande wa witiri walivuka na magodoro kichwani kutafuta vyumba upande wa pili. Jamaa wa ishirini na moja alipaka rangi ile moja ya mwisho ikawa kama sifuri. Wengine waliamua kubadilishana vibao kimyakimya na jamaa zao wa mitaa mingine, na friji moja iliyokuwa inapelekwa na guta kwa bibi harusi ilizunguka nyumba tano, na katika tatu kati ya hizo ilipokelewa kwa vigelegele. Posa moja ilirudishwa kwa sababu bwana harusi alikuwa wa kumi na tisa.

Namba kumi na saba ilikuwa ya Bi Mwanahawa.

Mliozaliwa juzi mnaijua ile nyumba kwa nje tu: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, baraza ya saruji mbele iliyong'aa kwa kukaliwa. Imekaa chini kati ya maghorofa kama bibi kati ya wajukuu warefu. Aliijenga babu yake. Kitovu cha Bi Mwanahawa kimezikwa uani pale, na vya wanawe wanne vimezikwa karibu yake. Mimi mwenyewe nikiwa mpakua magunia nililala kwenye baraza ile michana mingi, na hakuna siku aliyonifukuza bila kunipa kwanza chai.

Nilienda kumpa pole.

“Shikamoo, Bi Mwanahawa.”

“Marahaba. Umekuja kunipima sanda?”

“Nimekuja kukupa pole.”

“Pole ya nini? Nyumba si imesimama? Kaa hapo.” Akajifunga kanga upya. “Kondo, angesema Muddi ningecheka. Angesema yule wa redio ningezima. Lakini umesema wewe, na wewe tangu siku ile ulipotujazisha maji hujatuambia uongo. Kwa hiyo nimeshafikiri. Nauza.”

“Unauza nyumba?”

“Bora niuze mwenyewe nikiwa nimevaa baibui langu, kuliko kuamshwa na tingatinga nikiwa na kanga moja. Naenda Chanika kwa binti yangu. Mnunuzi yupo.”

Kariakoo mnunuzi wa kiwanja haitwi, anakuwepo. Huyu alikuwa mtu mpole mwenye miwani, alitaka kujenga ghorofa.

“Nimemwambia kabisa,” akasema Bi Mwanahawa, “sitaki dhambi. Nimemwambia, mwanangu, hii nyumba inabomolewa. Akasema hamna shida, bibi. Sasa Kondo, mtu anayenunua nyumba inayobomolewa, ama ni mwehu ama anajua kitu.”

“Ama ana huruma,” nikasema.



Wakati tumekaa hivyo akavuka barabara Bwana Jayanti, mwenye duka la vitambaa la mkabala, namba kumi na nane. Baba yake ndiye aliyelifungua lile duka, na yeye amezaliwa chumba cha juu yake. Alikuwa ameshika bisibisi.

“Bi Mwanahawa, hujambo?”

“Sijambo, Jayanti. Hiyo ya nini?”

“Tubadilishane. Wewe chukua kumi na nane, nipe mimi kumi na saba. Dakika tano tu, skrubu mbili huku, mbili kule.”

“Halafu ubomolewe wewe?”

“Mimi nina duka. Vitambaa vinakunjwa. Nyumba haikunjwi.”

Bi Mwanahawa akavuta ncha ya kanga, akafuta kitu kwenye jicho ambacho hakikuwepo. Halafu akasema, “Baba yako na baba yangu walitazamana hapa miaka yote bila namba, na hawakuwahi kupoteana. Rudisha bisibisi yako dukani. Na ukishabomolewa wewe, mimi nitagombana na nani kwamba hizi kanga zinachuja?”

“Hazichuji.”

“Zinachuja, Jayanti.”

“Zikifuliwa na wewe.”

Bwana Jayanti akarudi dukani na bisibisi yake. Bi Mwanahawa akanigeukia. “Kesho saa tano tunaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa. Jayanti nimeshamwambia atashuhudia. Na wewe utashuhudia. Wewe ndiye uliyetangaza, basi wewe ndiye utakayeona mwisho wake.”

Usingizi ulinipita pembeni. Asubuhi, saa nne kasorobo, nikampigia simu Mama Singano. Nilitaka kumweleza habari tu, kama mtu anavyompigia mwalimu wake siku ya msiba. Nikamsimulia yote kuanzia barabara hadi dole gumba ambalo Bi Mwanahawa angeliweka kwenye mkataba saa tano.

“Barua uliishika mkono gani?” akauliza.

“Barua haikuwepo, mama.”

Nikawa nasikia kuku wa Lushoto.

“Ulirudi nyuma, mtu kwa mtu?”

“Nilihakiki kwa macho, mama. Nyumba moja baada ya nyingine, mitaa mitatu.”

“Macho yanaona namba, Kondo. Hayaoni sababu. Nani alikuambia?”

“Muddi.”

“Muddi aliambiwa na nani?”

Nikaanza kutafuta viatu.

“Saa ngapi sasa hivi huko?”

“Saa nne kasorobo.”

“Basi una saa moja na robo. Kimbia, na hicho kipaza sauti kiache nyumbani.”

Nikakimbia. Nilikuwa na miaka sitini na moja na kitambi cha vikao, lakini siku ile hata pikipiki zilinipisha. Muddi nilimkuta anapuliza mkaa.

“Ile habari ya witiri uliitoa wapi?”

“Kwa Ngosha, fundi viatu. Kwani vipi, Mheshimiwa? Mimi niliongeza kidogo tu, ile ya kugawanya kwa mbili, ili inoge.”

Ngosha alikuwa na kisigino cha kiatu cha mtu mkononi na misumari mdomoni, akaitoa kwanza. “Mama Pili kaniambia. Tena kasema imetoka juu.”

Mama Pili ni yule mama lishe wa kona ya chini, mwenye supu. Nilifika naongea kwa vipande.

“Mama Pili. Witiri. Nani. Alikuambia.”

Alikuwa anapakua maharage, hakuacha. “Wewe.”

“Mimi nani?”

“Wewe, wewe. Siku ile wanabandika vibao. Ulikaa hapohapo ulipokanyaga, ukala supu na chapati mbili, ukatazama kule ng'ambo ukasema, ‘Mbona upande ule wote witiri, au ndio wanaobomolewa?’ Ukacheka. Mimi sikucheka. Mambo ya kubomoa diwani hachekei.”

“Mama Pili, nilikuwa natania!”

“Ungesema unatania. Siku ukitaka kutania vaa kofia nyingine tujue.”

Wanangu, katika utumishi wangu nimefuata chanzo cha mambo mengi. Nimefuata chanzo cha harufu mitaa sita nikakuta papa mkavu aliyesahauliwa. Nimefuata chanzo cha maji machafu kutoka kwetu hadi bonde la Jangwani kwa miguu. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwenye chanzo nikajikuta nimekaa mwenyewe, na chapati mbili.

Lakini elimu ni mzigo. Kwamba tetesi ni yangu hakukujibu hoja. Namba bado zilikuwa witiri, zote, upande mmoja, mitaa mitatu. Nikamwambia Mama Pili hivyo.

“Sasa si umuulize aliyezibandika?” akasema. “Yule binti yuko mtaa wa pili hapo, juu ya ngazi.”

La kumuuliza aliyezibandika lilikuwa halijanijia.

Binti anaitwa Neema. Alikuwa na koti lile linalong'aa, kishikwambi kiunoni, na mashine ya kutobolea ukuta mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Shuka.”

“Nimebakiza skrubu moja.”

“Kuna nyumba inauzwa!”

“Mimi sinunui, mzee.”

Nilimweleza kwamba haitakiwi kununuliwa na mtu yeyote, ndiyo maana ashuke. Akashuka, lakini akakataa kuiacha ngazi, eti Kariakoo ngazi haiachwi hata ikiwa na mtu juu. Tukaibeba, mimi mbele, yeye nyuma, tukapasua umati wa sokoni. Hapo nikagundua jambo ambalo lingenisaidia miaka yote ya udiwani: Kariakoo hawampishi diwani, wanapisha ngazi. Nilijaribu kumuuliza swali langu njiani. Yule muuza sumu ya panya alikuwa na betri mpya.

Ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba kimoja. Tuliingia ngazi kwanza. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa nyuma ya meza, mnunuzi na miwani yake upande huu, Bwana Jayanti upande ule, amevaa tai kama yuko mazikoni. Bi Mwanahawa alikuwa na baibui lake jipya. Dole gumba lake la kushoto lilikuwa limeshapita kwenye wino, jeusi tii, na lilikuwa linashuka kwenye karatasi.

“Bi Mwanahawa, subiri!”

Dole likasimama hewani.

“Nisubiri nini, tingatinga?”

“Ile habari imeanza kwangu.”

“Najua imeanza kwako, si ndiyo ulitangaza?”

“Hapana. Kabla ya hapo. Nilisema mwenyewe, kwa Mama Pili, kwa utani. Ikazunguka, ikanirudia, nikaiamini.”

Feni ya mwenyekiti ilizunguka. Bwana Jayanti akalegeza tai. Mnunuzi akaanza kusoma karatasi ya tangazo la chanjo ukutani, kwa makini, kama amekuja kuchanjwa.

“Kwa hiyo,” Bi Mwanahawa akasema taratibu, “nyumba yangu haibomolewi?”

Na mimi, wanangu, nikaona niwe mkweli angalau mara moja wiki ile. “Hilo sijui,” nikasema. “Bado ni witiri.”

“Ya Rabi,” akasema. Akamgeukia Neema. “Mwanangu, wewe ndiye unayepigilia hivi vibao?”

“Ndiyo, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Mimi ni kumi na saba. Huyu baba anasema nabomolewa kwa ajili ya hiyo namba. Niambie wewe, na uniambie haraka, wino unakauka.”

Neema akanitazama mimi, akamtazama mwenyekiti, akaitazama ngazi. “Hapana, bibi. Hakuna kitu kama hicho.”

“Wallahi?”

“Kweli kabisa, bibi. Mimi ndiye ninayevibandika, tangu asubuhi hadi jioni.”

Bi Mwanahawa akavuta karatasi akaikunja, upande wenye maandishi ndani, akamrudishia yule mwenye miwani. “Samahani, mwanangu,” akamwambia. “Ulikuwa na huruma sana.” Kisha akanisogelea. Nilikuwa na shati jeupe la vikao. Akalishika bega, akalifutia dole lake pale, mbele na nyuma, pole pole, mpaka likatakata. Doa halikutoka hata kwa jiki. Bwana Jayanti akacheka, akajaribu kukohoa, akacheka tena.

Nilistahili, na sikusogea. Lakini kulikuwa na kitu kinanikereketa, na nisingeweza kutoka pale nacho.

“Binti,” nikasema, “mimi nimehesabu. Mitaa mitatu, kwa daftari. Kushoto zote witiri. Zote! Hakuna hata moja iliyovuka. Hiyo haiwezi kuwa bahati.”

“Siyo bahati, mzee,” Neema akasema. “Kushoto tunaweka witiri, kulia tunaweka shufwa, mji mzima. Ni ili mtu anayekutafuta ajue atembee upande gani.”